Madoa Yenye Manyoya

Miezi minane mgane yule alipanda na kushuka ngazi za halmashauri akidai boksi moja la negativu. Njoo kesho, mwenye ufunguo hayupo, mkubwa yuko kikaoni. Miaka thelathini aliwapiga picha wakubwa hao hao, matumbo mbele, mikasi ya kukatia utepe mkononi. Walipofunga kitengo chake cha picha wakaamuru kazi yake yote itupwe stoo, chini ya tangi linalovuja.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na sura ya mkewe. Moja tu. Marehemu hakupenda kupigwa picha. "Unaniona kila siku, picha ya nini?" Siku moja akacheka kabla hajaziba uso, naye mumewe akabonyeza kamera.

Boksi lilipopatikana, alikiinua dirishani kipande cha filamu chenye sura ile. Alikuwemo, rangi zimegeuka kama ilivyo kwenye negativu, nywele nyeupe, meno meusi, anacheka. Ila madoa yalikuwa yamemtapakaa shavuni.

"Wamemuua mara ya pili," alisema.

"Shemeji nawe!" Mdogo wa marehemu alikuwa ameketi mlangoni. "Hata ukijikwaa, mkurugenzi ndiye aliyeweka jiwe. Kipeleke kwa fundi mwenye mashine, akitoe picha hivyo hivyo na madoa yake."

"Fundi ni mimi." Madoa aliyajua. Maji yakikaukia kwenye filamu huacha alama. Unailoweka tena katika maji safi, tone la sabuni, yanakwisha. Alishafanya hivyo mara elfu.

"Mbona haya yana manyoya?"

"Shemeji, wewe cherehani, mimi picha."

Akakitumbukiza kipande kwenye trei ya maji. Dakika ya tatu madoa yakaanza kung'oka. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha shavu likang'oka nayo. Manyoya yale yalikuwa ukungu, si alama za maji. Ulishautafuna utando wenye picha, maji yakaumalizia. Akatia vidole kumzuia mkewe asiende. Kicheko kikakatika vipande vipande, kikawa tope jepesi la kijivu.

Shemeji akainuka mlangoni.

Akakitoa kile kipande, akakipangusa kwa shati, akakiinua tena dirishani. Kilikuwa safi, hakina hata doa moja. Kupitia kwacho aliiona barabara yote, hadi ghorofa la halmashauri.

"Wale..." alianza.

Kidole alichokinyoosha kuelekea ghorofa lile kilikuwa bado na tope la kijivu. Akakirudisha.