Vifo Viwili vya Nyumba Moja

Tangu arobaini ya mume wangu sijatulia. Nikikaa nasimama, nikianza kupeta mchele nauacha ungoni. Tofazzal alikufa kwa Nipah, ile homa ya popo. Wiki ya tatu mdogo wake, Mokarram, akamfuata. Ni mimi niliyemwita Mokarram hospitali aje amwinue kaka yake, amlishe, ampanguse mate. Mama mkwe wangu, Jobeda, alimwambia kila jirani aliyekuja kutupa pole kwamba mwanawe wa pili amezikwa na mkono uliomwita. Kisha ananitazama mkono.

Leo asubuhi daktari Shirin wa maabara alirudi kutoka Dhaka na majibu ya vipimo vya ndugu wale wawili. Alieleza taratibu. Virusi hujinakili kama karani mwenye haraka, kila nakala ina kosa dogo. Vikitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwenzake, makosa huwa machache na nakala hufanana sana. Lakini popo wa huku kwetu Faridpur wamebeba nasaba nyingi za virusi hivyo, zilizoachana zamani. Vya Tofazzal vilikuwa vya nasaba moja, vya Mokarram vya nyingine, mbali kabisa.

“Shemeji yako hakuambukizwa na kaka yake,” akaniambia. “Alivipata kwa popo, kivyake. Alikunywa maji mabichi ya mtende?”

Nilikataa. Popo huramba mtende unapogemwa na kukojolea mtungi, nani asiyejua? Siku Tofazzal alipolazwa nilimwaga yetu yote.

Jobeda alikuwa akikunja pindo la sari yake, anakunjua, anakunja.

“Alirudi kutoka hospitali hoi,” akasema polepole. “Akasema, Mama, nina kiu. Mgema alikuwa anapita. Nikamnunulia bilauri moja.”

Maneno niliyoyanoa siku zote zile yalinijaa mdomoni. Nikayaonja. Machungu, na yote ya haki.

Shirin alipoondoka, majirani wawili walikuwa wameshafika uani. Mmoja akaniuliza daktari kasemaje, huku macho yake yakinishuka mkononi.

“Amesema ni popo,” nikajibu. “Mara zote mbili, popo.”

“Mke wa mwanangu,” Jobeda akanikatiza, “usinisitiri.” Akawageukia. “Kaeni. Mimi nitawaambia alichokunywa mwanangu, na nani alimpa.”