Keziah na Maneno ya Mwezi

Jikoni kwa Keziah Tarrant hakuna habari iliyopita bila kuonjwa. Kwa hiyo Bwana Lathbury, hakimu wa sehemu zile za Wiltshire, Uingereza, alipotangaza kwamba anakusanya maneno ya kale ya mwezi kwa ajili ya kamusi yake, alielekezwa huko huko. Wanawake wakajazana hadi mlangoni, kila mmoja na lake.

Mmoja akatoa neno la mtu anayehama kwa mbalamwezi, kodi ya nyumba hajalipa. Macho yote yakamgeukia Mama Giddings.

"Mnanitazama mimi nini? Nimehama hivyo mara moja tu!"

Jiko zima likaangua kicheko. Hapo Dorcas Pym, shoga yake Keziah na mshindani wake wa maneno, akajisogeza mbele.

"Sisi wenyewe, bwana, watu wa mbali wanatuita wakokota mwezi. Babu zetu walizamisha mapipa ya pombe ya magendo bwawani. Askari wa ushuru akawafuma wanayavuta kwa reki. Wakamwonyesha mwezi majini, wakamwambia, 'Tunavuta jibini lile pale.' Akawacheka mazuzu, akaenda zake!"

Bwana Lathbury alicheka mpaka akafuta machozi. Keziah akaona anashindwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Hizo hadithi za babu yako, Dorcas. Mimi ninaye wa kweli." Akamwonyesha mwanawe Jabez, jitu zima la miaka thelathini, ameketi kando ya moto anamenya njegere huku akitabasamu. "Huyu alizaliwa siku za giza, mwezi haupo kabisa. Wa hivyo sisi humwita ndama wa mwezi. Mwezi ukipevuka, bwana, anaufuata bwawani, anaingia mpaka kifuani anautaka. Ndiyo maana siku hizo namfunga mguu kitandani."

"Unamfunga?"

"Kwa kamba ya ng'ombe. Laini, bwana, haimuumizi."

Wanawake wakacheka, maana kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyewahi kuona ubaya. Bwana Lathbury hakucheka. Aliutazama mguu wa Jabez kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama bwawa lina kina kirefu.

Juma lililofuata gari la farasi la hospitali ya wendawazimu likasimama mlangoni. Amri ilikuwa na sahihi ya daktari na ya hakimu. Jabez alipanda mwenyewe, kwa kuwa alipenda farasi, akawa anampungia mama yake mkono.

"Mdomo wangu," Keziah akamwambia Dorcas. "Mdomo wangu huu, shoga."



Keziah akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kwa miguu hadi jumba la hakimu.

"Nirudishie mwanangu, bwana. Sitamfunga tena. Nitakesha naye."

"Mama, nimefanya hivi kwa wema. Angezama. Sasa yuko mikononi mwa madaktari, mimi sina tena la kusema." Kweli uso wake ulikuwa wa huruma. Akamvutia kiti, akaagiza chai, na kwa kuwa alitaka kumtuliza akauliza kama ana maneno mengine.

Keziah akaiona njia. Mtu anayependa kitu hivi, ukimshibisha, atakosaje kukukumbuka? Akaanza. Neno la duara la ukungu linaloleta mvua. Neno la farasi anayepofuka na kupona kwa kufuata mwezi. Neno la nyama ya nguruwe aliyechinjwa mwezi unapopungua, ikajikunyata chunguni. Akatoa ya mama yake, akatoa ya bibi yake. Kalamu ya hakimu ikakimbia. Kila neno akamtazama usoni, aone kama amelainika.

Yakamwishia. Chai ilikuwa imepoa. Keziah akaanza kubuni.

Bwana Lathbury akayaandika na hayo, akamshukuru sana, akapiga kengele mtumishi aje amfungulie mlango.