Kipindi cha Saa Sita

Siku ya Jumanne, wiki ya pili ya Februari, wanafunzi wa kidato cha nne mkondo B walilaza vichwa juu ya madawati saa sita kamili, kama walivyofanya kila siku ya masomo tangu mwaka uliopita. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni saa ile ilikuwa ya Hisabati, na jina la mwalimu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mwenyewe alikwisha kuhamia Maswa kumfuata mkewe, na hakuletwa mwingine. Shule ilikuwa nje kidogo ya mji wa Bariadi, haikuwa na dari, na joto la mabati saa sita halikumwacha mtu akae macho bila sababu.

Milembe alilala akaota. Aliota darasa lile lile, ila madirisha yalikuwa na vioo na kila mwanafunzi alikuwa na dawati lake. Mbele alisimama mwanaume mwembamba mwenye ovaroli ya bluu, nywele na nyusi zimejaa vumbi la pumba. Alifundisha logi, yaani logariti. Walipokwama aliwaeleza kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliposhindwa aliingia Kisukuma, akasema logi ni kama kumuuliza mchungaji ng'ombe wake wamezaana mara ngapi hadi kundi likafika hapo lilipo. Kengele ya chakula ilipogonga alifuta mikono kwenye ovaroli na kusema, "Kesho tuanzie hapa."

Walipoamka, daftari zao zilikuwa zimeandikwa, kila mmoja kwa mwandiko wake. Juu ya karatasi kulikuwa na pumba laini za mpunga. Walizipuliza, wakaenda kula makande.

Jenifer, aliyekaa dawati moja na Milembe, hakuwa amelala. Alikuwa akishona sketi yake iliyofumuka. Daftari lake lilikuwa jeupe.

"Mmesoma nini?" aliuliza.

"Logi."

"Basi niazime ninakili."

Kesho yake Jenifer naye alilala.

Mkuu wa shule, Mwalimu Specioza, alikuwa mama wa Kihaya aliyehamishiwa Simiyu miaka sita nyuma, mtu wa utaratibu. Kiranja alipompelekea habari, alipitia daftari kumi, akaona kazi ni safi, akatoa tangazo mstarini. Saa sita mlango wa kidato cha nne B urudishwe, kelele zisiwepo, na atakayekutwa macho katika kipindi cha Hisabati atafagia uwanja. Wiki ya kwanza walifagia wanne. Wiki ya pili hakufagia mtu.

Milembe alikuwa na miaka kumi na saba. Wazazi wake walilima pamba Kasoli, na yeye aliishi mjini kwa shangazi yake Domitila ili awe karibu na shule. Alikuwa na daftari ambalo halikuwa la somo lolote. Ukurasa wa kushoto aliandika alichoota, ukurasa wa kulia aliandika alichosikia kwenye taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, maana redio ya shangazi ilifunguliwa kabla hata ya moto kuwashwa. Kushoto: mwalimu amesema tusiogope sehemu. Kulia: serikali imesema upungufu wa walimu unafanyiwa kazi. Kufikia Mei alikuwa akikosea kurasa. Alisoma alichoandika wiki iliyopita na hakuweza kusema lipi aliliota na lipi lilisomwa redioni. Alimuuliza shangazi.

"Kama limekusaidia, ni ndoto," alisema shangazi Domitila. "Punguza moto huo, uji unamwagika."

Mwezi wa Julai ulifanyika mtihani wa majaribio wa mkoa. Siku matokeo yalipotangazwa, redio ilisema kwamba shule moja ya Bariadi isiyo na mwalimu wa Hisabati imeshika nafasi ya tatu kwa somo hilo. Mtangazaji aliisoma habari hiyo kati ya bei ya pamba na mchezo wa mpira. Shangazi alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaendelea kukuna muhogo.

Wiki iliyofuata alikuja afisa wa elimu, Bwana Elia, mtaratibu na mpole, aliyebeba faili kwapani. Aliomba dawati la nyuma. Saa sita alilaza kichwa pamoja na wanafunzi, na kengele ilipogonga aliamka akiwa na kurasa mbili za milinganyo katika kitabu chake cha kikao. Alizisoma kwa makini.

"Anafundisha vizuri," alimwambia Mwalimu Specioza. "Anaandaa somo."

"Tunaomba basi tuletewe mwalimu, afisa," alisema Mwalimu Specioza. "Huyu hatumjui hata jina. Akiacha je?"

Bwana Elia alifungua faili akaandika. Kwenye safu ya upungufu wa walimu wa Hisabati palikuwa na moja. Aliikata, akaweka sifuri, akashukuru kwa chai.

Mwishoni mwa Agosti, Jumamosi saa tano na nusu, shangazi alimtuma Milembe na madebe mawili ya mpunga kwenye mashine ya kukoboa iliyoko nyuma ya soko. Foleni ilikuwa fupi. Mtu wa mashine alikuwa mwembamba, ovaroli ya bluu, pumba mpaka kwenye kope. Milembe aliweka kiroba chini.

"Shikamoo, mwalimu."

Yule mtu alizima mashine. Alimtazama muda mrefu kidogo.

"Marahaba," alisema. "Wewe ni wa dawati la pili. Unasahau alama ya kutoa."

"Siku hizi sisahau."

"Ni kweli, siku hizi husahau."

Aliitwa Damas Mboje. Alihitimu ualimu wa Hisabati na Fizikia mwaka elfu mbili na kumi na tano. Kila nafasi za ajira zilipotangazwa aliomba, na kila majina yaliposomwa lake halikuwemo. Mashine ile ilikuwa ya mjomba wake. Kila siku saa sita mota ilizimwa ipoe, naye alilala juu ya magunia ya pumba. Alikuwa akiota anafundisha. Alidhani ni hamu tu, kama mtu mwenye njaa anavyoota ugali. Jambo pekee lililomsumbua ni kwamba aliamka sauti imekauka na vidole vina chaki.

"Kwa hiyo mpo," alisema.

"Tupo sabini na mmoja."

"Na mmefaulu."

"Ilisomwa redioni, mwalimu."

Damas aliketi juu ya gunia. Alijipangusa uso kwa kiganja, pumba zikazidi. Milembe hakujua kama alikuwa analia au vumbi limemwingia, naye aliona haya kuuliza, kwa hiyo alihesabu mbao za ukuta mpaka Damas alipoinuka na kuwasha mashine. Alimkobolea mpunga wake kwanza.

Jumatatu Damas alivaa shati jeupe, akachukua bahasha ya vyeti, akaenda ofisini kwa Bwana Elia. Bwana Elia alimkaribisha kiti. Alisoma vyeti vyote, akageuza kompyuta ili mgeni wake aone mwenyewe.

"Nafasi ya pale imejazwa," alisema.

"Imejazwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyekaa nyuma ya meza ya ofisi kumwita hivyo. Damas alisahau kwa muda alichokijia.

"Basi naomba barua ya ajira," alisema alipokumbuka.

"Barua hutolewa kwa nafasi iliyo wazi. Hii haiko wazi. Ningekuwa na uwezo ningekupa hata leo, nami nimekaa darasani kwako, nimeona." Bwana Elia alisema hayo kwa huzuni ya kweli. Alimsindikiza mpaka mlangoni.

Wiki ya pili ya Septemba watu wa mpunga walijaa kwenye mashine na mota haikupumzishwa siku ya Alhamisi. Kidato cha nne B waliota ubao mtupu kwa dakika themanini. Jumatatu Damas alipokea barua yenye muhuri wa ofisi ya elimu, ikimwonya kwa utoro. Ilianza na maneno Mwalimu Damas Mboje. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaitia kwenye bahasha ya vyeti, kwa sababu hakuwa na barua nyingine yenye maneno hayo.

Siku iliyofuata hakulala. Alikunywa kahawa chungu, akatafuna tangawizi, na saa sita mota ilipozimwa alifagia ua. Alifanya hivyo siku moja, akafanya ya pili, zikatimia wiki tatu. Darasani wanafunzi walilala kwa adabu na kuota vioo vya madirisha, madawati mapya na ubao usio na mtu. Waliamka na daftari tupu. Zilikuwa zimebaki wiki nne kufikia mtihani wa taifa, na mada tatu zilikuwa hazijaguswa.

Darasa lilikaa kikao chini ya usimamizi wa kiranja. Ikaamuliwa kwamba Milembe, kwa kuwa anaijua mashine, aende akamwombe mwalimu alale.

"Mwambie tunamsihi," alisema Jenifer. "Mwambie mimi bila Hisabati siendi uuguzi. Nitarudi nyumbani nikaolewe, na mahari yenyewe imeshaanza kutajwa."

Milembe alitembea kutoka shuleni mpaka sokoni akiyapanga maneno. Yeye mwenyewe alitaka kwenda kidato cha tano, na alijua hatafika bila somo lile. Pia alijua anakwenda kumwomba mtu afanye kazi ambayo wamekataa kumpa. Alipojaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani, moja lilifuta lingine, mpaka akafika kwenye mashine.

Damas alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwadila, mwalimu," Milembe alimsalimu kwa Kisukuma, salamu ya mchana, maana jua lilikuwa limepinduka.

"Mwadila. Wamekutuma."

"Ndiyo."

"Wamekutuma useme nini?"

Milembe alitazama kahawa. "Usilale, mwalimu," alisema. "Wasipokuona, wataandika tena moja kwenye upungufu."

Mama mmoja alikuja kuuliza kama mashine inafanya kazi, akaambiwa asubiri kidogo.

"Nilifikiri hivyo hivyo," alisema Damas. "Jana nilikwenda kuangalia. Bado ni sifuri. Wanasema mimi ni mtoro, na mtoro ni mtu aliyepo." Alimimina kahawa chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. "Mmebakiza nini?"

"Takwimu, vekta na trigonometria."

"Trigonometria mtaiogopa bure. Mwambie kila mtu aje na rula."

Kesho yake saa sita walilala, na alikuwepo. Alifundisha haraka kuliko zamani, bila mzaha, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Siku ya mwisho kabla ya mtihani aliwatakia heri, akawataja mmoja mmoja, sabini na mmoja, bila karatasi.

Matokeo yalitoka mwezi Januari. Sitini na wawili walifaulu Hisabati. Milembe alipata B na baadaye akapangiwa kidato cha tano, Jenifer alipata C. Redio iliita jambo hilo mfano wa kuigwa. Bwana Elia alihojiwa, akasema ofisi imeandaa mpango wa kuzifikia shule nyingine kwa njia hiyo hiyo, na wazazi wasiwe na wasiwasi. Kufikia Machi shule mbili zaidi zilikuwa zimerekebisha ratiba, moja ikalala saa tatu, nyingine saa nane.

Walimu wapya walitangazwa mwishoni mwa Mei. Kwa mkoa mzima orodha ilikuwa ndefu, mtangazaji alipumzika katikati akanywa maji. Milembe aliandika majina yote.

Mwezi Juni, akitoka Kasoli kwenda kuanza kidato cha tano, mama yake alimpa kuku jogoo ampelekee mwalimu. Alifika kwenye mashine saa tatu na robo asubuhi. Mota ilikuwa imezimwa. Watu kama kumi na watano walikuwa wamekaa ukutani na viroba vyao, kimya, na mwenye kukohoa alitoka nje.

"Yuko kipindini," mama mmoja alimnong'oneza. "Kaa hapa, mwanangu."

Damas alikuwa amelala chali juu ya magunia. Alikuwa amekonda. Midomo yake ilicheza, na mkono wa kulia uliinuka ukaandika kitu hewani, ukashuka. Milembe alijaribu kusoma alichoandika. Aliona ni logi.

Walisubiri. Jogoo alitulia, kama aliyeambiwa. Saa nne kasorobo Damas alifumbua macho, akaketi, akakohoa mpaka sauti ikarudi.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka. Ulipata ngapi?"

"B."

"Ilikuwa iwe A. Ni ile alama ya kutoa." Alimtazama jogoo, akamshika miguu, akamweka kivulini. "Mwambie mama, wabeja, nashukuru. Na majina? Sikusikia, yalisomwa nikiwa kipindini."

"Yalisomwa."

"Langu?"

"Halikuwemo."

Damas alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilokwisha kulikokotoa mwenyewe. Milembe alitaka kumwambia asante, lakini neno lililokuja mdomoni lilikuwa pole, na alipotaka kusema pole likaja asante. Watu walikuwa wameanza kusimama. Ilikuwa imebaki saa mbili na ushei kabla ya kipindi cha pili. Damas aliwasha mota, ukuta ukatetemeka, mama wa mbele akamimina mpunga wake, na Milembe akainama akamshikia mdomo wa kiroba.