Dirisha la Jirani

Gundi alikuwa amekaa, lakini miguu yake haikutaka kukaa. Ilikuwa inagonga sakafu ya ukumbi wa kamati ya mipango miji, kulia, kushoto, mpaka karani wa mbele yake akageuka kumtazama. Akaibana kwa mikono. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza tena.

Jina hilo la Gundi alipewa na wasanifu majengo, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuonekana visafi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vielelezo, yaani majengo madogo ya kadibodi ambayo wenye miradi huyapeleka mbele ya kamati ili wajumbe waone kinachotaka kujengwa. Leo kielelezo chake kilikuwa mezani katikati ya ukumbi: ghorofa nane za kupendeza, vibaraza kila upande, na miti ya sifongo mlangoni. Kando yake zilipangwa nyumba za majirani. Na katika ufundi huu, nyumba ya jirani ni kipande cheupe tu, hakina mlango wala dirisha. Ukimpa jirani dirisha, watu wataanza kumfikiria aliye ndani, na hakuna mwenye mradi anayetaka mambo hayo.

Sasa, kimoja cha vipande hivyo vyeupe kilikuwa nyumba ya dada yake.

Humo ndimo alimokulia. Wazazi walipofariki, dada alibaki kuwa mama na baba, akamsomesha kwa cherehani iliyowekwa chini ya dirisha la upande wa macheo, maana nyumba ile haikuwa na mahali pengine pa kuingiza mwanga wa maana. Ghorofa nane zikisimama upande huo, dirisha litabaki kutazama ukuta. Gundi alilijua hilo tangu siku msanifu alipomkabidhi michoro. Akafanyaje? Akakata kadibodi. Hakumwambia msanifu, hakumwambia dada. Kwa dada kwenyewe alikuwa hajakanyaga siku nyingi. Mwanzo kazi zilimbana, baadaye aibu ikamzidi, na kadiri alivyochelewa ndivyo mlango ule ulivyozidi kuwa mgumu kuubisha.

Ila alifanya jambo moja ambalo hata yeye mwenyewe hakuweza kulieleza. Kile kipande cheupe kilipokuwa mkononi mwake, alikikatia dirisha, dogo la ukubwa wa ukucha, na ndani yake akabandika cherehani aliyoichonga kwa njiti ya kiberiti. Alijiambia atalifunika kabla ya kikao. Hakulifunika.

Na huko nyuma, kwenye viti vya wananchi, dada mwenyewe alikuwa ameketi. Gundi alimwona akiingia, kashikwa mkono na mke wa jirani, kavaa gauni lake la shughuli. Alimpita karibu kabisa bila kumsalimia. Amekasirika, Gundi akawaza, na ana haki.

"Tuanze na jua," alisema mwenyekiti, mama mmoja aliyependa kikao kiishe kabla chai haijapoa.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kamati hii. Mapazia hufungwa, taa za ukumbi huzimwa, na fundi wa kielelezo hushika taa ya mkononi akawa ndiye jua. Hulichomoza, hulipandisha, hulizamisha, nao wajumbe hutazama vivuli vinamwangukia nani. Gundi alishakuwa jua mara nyingi bila wasiwasi wowote. Leo aliipapasa swichi mara mbili kabla ya kuiwasha.

Alilichomoza. Kivuli cha ghorofa kikalala juu ya kile kipande cheupe na kukimeza chote.

"Simama hapo hapo," akasema mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu asiyepitwa na kitu. "Mbona nyumba hii peke yake ina dirisha?"

Msanifu alimgeukia Gundi. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo mdomoni, machoni lilishaondoka.

"Ni kosa la kisu, mheshimiwa," Gundi akasema haraka, kwa sauti ya chini. "Kiliniteleza."

"Kiliteleza kikakata pembe nne?"

Watu wakacheka. Msanifu akacheka kuliko wote. "Lizibe, fundi, tusiwapotezee wajumbe muda."

Kadibodi alikuwa nayo mfukoni, na gundi pia. Alikata kipande, akakipaka, akakibandika mbele ya watu wote, na kazi ikatoka nzuri kama kawaida yake. Alijichukia kwa uzuri huo.

Taa za ukumbi zikawashwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi mwenye pingamizi, na dada akanyanyuka. Alikuja hadi mezani akiwa ameshikwa mkono vilevile.

"Nyumba yangu ni ipi?" akauliza.

Mke wa jirani akauchukua mkono wake na kuuweka juu ya kipande cheupe. Dada akaanza kukipapasa, paa kwanza, kisha kuta, bila haraka. Gundi aliona ni madoido ya hasira, mtu anataka kumtesa mbele za watu. Kidole kikafika penye kiraka. Ile gundi ya kubandikia ilikuwa bado mbichi, na kiraka kikaondoka na kidole. Kidole kikarudi, kikaingia kwenye tundu, kikagusa kijicherehani.

"Hapa pana dirisha," akasema.

"Hilo ni kosa, mama," msanifu akamjibu. "Fundi ameshaeleza."

"Fundi gani?"

"Mimi," Gundi akasema.

Dada aliinua uso kuifuata sauti ile. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ilionekana wazi, na ilionekana pia jinsi alivyoyameza moja baada ya jingine. Hakuwa tayari kumwona mtoto aliyemlea akimwaga unga hadharani.

"Kama fundi amesema ni kosa, basi ni kosa," akasema. "Sina pingamizi."

Akageuka kuondoka.

"Si kosa," Gundi akasema. "Mheshimiwa, nilidanganya. Nililikata makusudi. Huyu ni dada yangu, na hapo dirishani ndipo anaposhonea. Amenilea kwa mwanga wa hapo. Kivuli mmekiona wenyewe."

Sasa tabasamu la msanifu liliondoka hata mdomoni. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hatuamui leo," akasema. "Kesho asubuhi kamati itakwenda kukaa ndani ya chumba hicho, jua likichomoza. Na safari hii liwe jua lenyewe."

Nje ya jengo msanifu alipita na kielelezo chake mikononi. "Usinitafute tena," alimwambia Gundi, kisha akashuka ngazi. Gundi alimkimbilia dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Dada alinyoosha mkono wa kumpa, lakini aliunyoosha pembeni, mahali ambapo Gundi hakuwapo. "Umekonda. Nasikia kwenye sauti."

Gundi aliutazama mkono ule. "Nilidhani umenikasirikia. Ulinipita pale ndani ulipokuwa unaingia."

"Kwani ulikuwepo hapo nilipopita?"

Mke wa jirani akainamisha macho.

"Tangu lini, dada?"

"Macho yalianza taratibu. Cherehani nimempa mtu, sishoni tena. Nakaa tu pale dirishani asubuhi. Mwanga wa pale ndio bado unanifikia, ndio unaoniambia kumekucha." Akaupata mkono wa mdogo wake, akaushika sawasawa. "Kesho uwahi kabla ya hao wakubwa, unisafishie kile kioo. Nadhani kimeshika vumbi, maana siku hizi mwanga unaingia kidogo sana."

Gundi alisema atakuja na kitambaa.