Jiwe la Félicité

Lilikuwa jiwe la kijivu, ukubwa wa mtungi, na upande wake mmoja ulikuwa na mikwaruzo iliyonyooka kana kwamba mtu amelipitishia kitana. Casimir alilitoa mtoni mwenyewe, akalibeba begani hadi mteremko ulio nyuma ya nyumba yake pale Lubondja, akalilaza juu ya kaburi la Félicité, mtoto wao wa pekee, aliyekufa hata meno hajaota. Kaburi lenyewe lilikuwa dogo. Jiwe lililifunika lote.

Kiangazi cha 1956, mkewe Florentine akiwa Swima kumuuguza mama yake, alipita Mbelgiji mmoja, mchunguzi wa miamba. Alipoiona ile mikwaruzo alipiga magoti. Casimir alidhani anamwombea marehemu.

"Hii ni barafu ilichora," Mbelgiji alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Akaeleza kwamba zamani za kale nchi hii ilikuwa mbali kusini, imelaliwa na barafu nzito kama milima, imeshikana na nchi iitwayo Brazili. Kisha zikaachana, zikahama. Kwao Ulaya wenzake walimcheka. Jiwe hili lingewafunga midomo. Wala hakuamuru, aliliomba, kofia mkononi.

Nani alikuwa amewahi kuombwa na mzungu miaka ile? Casimir alilainika. Tena alifurahi, maskini: jiwe la mwanawe lingetazamwa na wakubwa! Alichomeka kijiti mahali pake, akasaidia hata kulifunga guniani.

Mvua zilizofuata hazikuwa na adabu. Mteremko ulimeguka, nyasi zikafika kiunoni, mchwa wakala kijiti. Florentine alirudi masika yakiisha, mama yake amekwisha kuzikwa, akazunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Baba Félicité, jiwe iko wapi?"

Casimir alimweleza yote: barafu, Brazili, nchi zinazohama. Alieleza vizuri sana. Florentine alimsikiliza hadi mwisho, mzigo kichwani.

"Ule muzungu anajua fasi inchi yote ilikuwaka mbele batu bazaliwe," alisema polepole. "Sasa we, unionyeshe fasi mutoto yangu analala."

Casimir alinyoosha mkono kuonyesha mahali, kuelekea kwenye mgomba.

"Hapana." Mkono wa Florentine ulielekea kwingine, chini zaidi, karibu na korongo.

Shingo ya Florentine ilikuwa imechoka, akaushika mzigo ili autue. Akatazama chini, kushoto, kulia, kila mahali pangeweza kuwa kaburi, akaubakiza kichwani.