Hamira Iliyoota Kando ya Sinki

Kwa miezi minne nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa upogo, kwa madaha. Ilianza asubuhi niliyofungua kabati la joto nikakuta, kati ya visahani arobaini vya hamira nyeupe, kimoja kina doa la rangi ya chungwa. Tangu siku hiyo maabara nzima ikaniita Karoti, na mimi nikaitika.

Kazi yetu ilikuwa hii. Tunachukua hamira, ile ile inayoumua mkate, tunaipandikiza jeni za kutengeneza kiini cha rangi ya karoti, ambacho mwili wa mtu hukigeuza kuwa vitamini A. Tatizo lilikuwa kimeng'enya kimoja kivivu, kilichofanya kazi kama karani anayesubiri saa ya kutoka, na hamira ikabaki nyeupe pepepe. Nilikuwa nimekibadilisha kimeng'enya hicho kwa miaka miwili, nikigusa hapa, nikigusa pale, ili kichangamke. Ukiona rangi, umefaulu. Ndiyo maana siku ile niliita watu kwa sauti hadi Mkuu wa maabara akaja na kikombe chake cha chai mkononi.

Shangazi naye akaja. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ndani. Ni mama wa makamo aliyetuoshea vyombo kwa miaka kumi na mmoja: chupa, visahani, sinki, kila kitu. Akajifuta mikono, akainama kuangalia.

"Mwanangu," akasema, "rangi hii mbona naijua? Inaota pale kwenye sinki, chini ya bomba. Naisugua kila Jumatatu, Jumatatu nyingine imesharudi."

Watu wakacheka. Mwenzangu tunayemwita Miwani alicheka kuliko wote. Ningenyamaza ingetosha, lakini nilikuwa nimeshaota mapembe.

"Shangazi, mambo ya sinki yaache kwenye sinki," nikamwambia. "Haya watu wameyasomea."

Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye chumba chake cha kuoshea. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Walichosahau kusema ni kwamba mwosha mwenyewe haulizwi.

Tukaikuza hamira ile kwenye chupa kubwa. Tukapima, kiini kilikuwemo kweli, tena kingi. Mkuu akanisifu mbele ya wageni mara mbili. Halafu, kabla ya kuituma kwa wenzetu wa kiwandani, akataka jeni zake zisomwe zote, kwa usalama tu. Majibu yalifika Jumanne. Haikuwa hamira yetu. Ilikuwa hamira ya mwituni, inayojiotea yenyewe penye unyevu, kwenye mabomba na kuta za bafu, na rangi ile imezaliwa nayo. Ndani yake hamkuwa na jeni hata moja niliyoipandikiza. Kimeng'enya changu kilikuwa kingali kimelala fofofo.

Jumatano Mkuu akaitisha kikao. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: hiki kijidudu kimeingiaje?

"Si Shangazi mwenyewe alisema kinaota kwenye sinki lake?" akasema Miwani. "Basi vyombo havikuoshwa vizuri."

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu yeyote mle ndani angefikiri kwa dakika mbili angekumbuka kwamba kila chombo kikishaoshwa huingia kwenye mashine ya mvuke, na humo hakitoki kitu kikiwa hai. Hakuna aliyefikiri. Mimi sikuwa na haja ya kufikiri, kwa sababu nilijua.

Naona haya hata kuliandika. Visahani vile nilitakiwa kuvifungua ndani ya kabati la hewa safi. Siku ya kuvifungua kabati lilikuwa na foleni, mbele yangu watu wawili, na mimi subira sina. Nikavipanga kwenye meza iliyo kando ya sinki, nikavifunua vikauke, vikakaa wazi nusu saa huku bomba linarusha matone. Kisha kwenye daftari nikaandika: nimefanyia kabatini.

Mkuu akanigeukia. "Wewe ulifuata utaratibu wote?"

"Ndiyo, Mkuu."

Nililisema kwa macho makavu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nilikuwa nimeshamtwika. Alhamisi Shangazi akapewa barua kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Ijumaa asubuhi nikamfuata kwenye chumba cha kuoshea. Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu, midomo yote imeelekea upande mmoja, kama vile kesho angekuja kuzikagua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Akaweka chupa chini. "Nilitaka nikuombe msamaha. Nimekuharibia kazi ya miaka miwili. Tangu juzi nawaza ni chombo gani nilikiruka. Pengine ni glavu. Nasugua sinki, halafu glavu hizo hizo nashika vyombo vyako. Sijui. Unisamehe tu."

Nilitamani ardhi ipasuke nijitose humo. Nikamwambia yote: foleni, meza, matone, daftari, na ile "Ndiyo, Mkuu". Nililia, na hata kulia kwenyewe kulinitia aibu, maana aliyestahili kulia alikuwa amesimama ananitazama kwa macho makavu, akifuta chupa iliyokwisha kukauka zamani.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Nimekuambia wewe tu, Shangazi."

"Basi hujamwambia mtu."

Hakuwa na hasira. Akaiweka chupa kwenye rafu, akachukua nyingine.

"Jana binti yangu kaniuliza nimeachishwa kwa kosa gani," akasema. "Nikamjibu, uchafu. Miaka kumi na mmoja naosha, naachishwa kwa uchafu. Mtoto akaniangalia tu."

Nikamwambia Jumatatu nitakwenda kwa Mkuu, akiwa na nafasi nzuri. Shangazi akaendelea kupanga chupa. Nikasikia mwenyewe nilivyosema, nikatoka nikapanda ngazi.

Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi. Miwani alikuwamo ndani, wanacheka jambo lao, naye akanivutia kiti. Nilitaka kungoja atoke kwanza. Nikaona hata huko kungoja ni kujificha, nikasema nikiwa nimesimama, mbele ya wote wawili, kuanzia foleni hadi daftari. Miwani akaanza kuchunguza kucha zake.

Mkuu akaniuliza kwa nini sikusema Jumatano, tukiwa kikaoni.

Nilikuwa na majibu kadhaa ya kistaarabu. Nilishtuka, nilichanganyikiwa, sikuwa na hakika. Nikamwambia la kweli: kwa sababu aliyetajwa alikuwa Shangazi, na nilijua hakuna atakayebisha, hata Shangazi mwenyewe.