Kofia ya Baba Kauthar

Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa mtoto, kwa matumbwitumbwi. Bucha langu liko Levolosi. Mteja akinisalimia kutokea kushoto simjibu, naye huenda kutangaza kwamba nina dharau. Mke wangu Batuli hana shida hiyo. Tangu nimuoe hukaa kulia kwangu.

Binti yetu Kauthar alipochumbiwa na Luqman, mdogo wangu Said alirudi kutoka Dubai na matairi yake ya kuuza, akaniletea na kifaa. Ni kidude kwenye utepe wa kichwani. Unakibana nyuma ya sikio bovu, sauti inapita kwenye mfupa wa kichwa hadi sikio zima. Nilitaka kumwozesha mwanangu kwa mdomo wangu, nisikie jibu la bwana harusi bila kuuliza "Nini?" mbele ya watu.

Siku ya kwanza nilivaa kofia juu yake kama kawaida, nikaenda buchani. Kutwa kikakwaruza, na kofia ikikibana kinapiga mluzi. Jioni nikakitupa mezani.

"Takataka," nikasema.

"Basi mpe shehe uwakala, akuozeshee," Said akasema. "Luqman mwenyewe anaongea kama mgonjwa. Utamsikia wewe?"

"Si avue kofia," Batuli akasema.

"Nimwozeshe binti kichwa wazi?"

Batuli akainuka. Alichukua kofia yangu mpya, ile aliyoidarizi mwenyewe, akaitia mkasi. Said akafumba macho. Batuli akakata dirisha upande wa kushoto, akalipinda ukingo kwa uzi wa kijani. Nikavaa. Kidude kikatokeza nje, mluzi ukakoma.

"Bado antena tu," Said akasema.

Siku ya ndoa sebule ilijaa. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, kushoto kwangu. Nikashika mkono wa Luqman, umelowa jasho, nikayasema maneno ya kumwozesha. Kulia wazee wanakohoa na kunong'ona. Akajibu kwa sauti yake ileile ya mgonjwa:

"Nimekubali kumuoa Kauthar."

Nikalipata jibu neno kwa neno. Shehe akainua mikono aombe dua. Hapo nyuma ya pazia mtu akanong'ona:

"Kamsikia?"

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia sauti ya Batuli ikitoka upande ule.

"Nimemsikia, mama Kauthar," nikasema. "Na wewe nimekusikia."

Shehe akangoja watu wamalize kucheka.